Gari Linaloendeshwa kwa Umeme kutoka Mbali

Ukisimama penye njia panda ya Nyololo, wilayani Mufindi, utaona malori mengi yakipita katika barabara kuu iendayo Makambako, Mbeya na Tunduma. Mengine hutoka Mufindi yakiwa yamebeba mbao na majani ya chai. Watoto wa huko huyatazama, kisha huunda ya kwao: bodi ya vipande vya mbao vilivyotupwa na seremala, ekseli za spoki za baiskeli, na magurudumu ya kandambili zilizochakaa. Huenda nawe unalo gari la namna hiyo.

Katika nchi nyingine watoto huunda magari kwa matofali madogo ya plastiki yanayoshikana. Matofali yanayojulikana zaidi ni ya kampuni ya LEGO ya Denmark, ambayo yalipata umbo lake la sasa mwaka 1958. Gari la mbao na gari la matofali yana upungufu mmoja: hayaendi mpaka yavutwe au yasukumwe. Katika somo hili utalitia gari lako mota, kisha utaliendesha ukiwa umesimama mbali nalo.

Mota

Mota ni chombo kinachogeuza nguvu za umeme kuwa mwendo. Ndani yake mna sumaku na koili ya waya wa shaba. Mkondo wa umeme ukipita katika koili, koili nayo huwa sumaku. Sumaku hizo husukumana na kuvutana, na koili huzunguka.

Si lazima ununue mota. Mwombe fundi redio akutolee mota katika deki mbovu ya DVD. Iko mota ndogo inayosukuma kisahani nje na kukirudisha ndani. Hiyo inafaa sana, kwa sababu imeundwa kuzunguka pande zote mbili. Mota za tepurekoda hazifai sana. Nyingi zina kifaa cha kudhibiti mwendo ndani yake, nazo huzunguka upande mmoja tu. Usifungue deki wewe mwenyewe. Baadhi ya sehemu zake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Jaribio la 1. Chukua betri mbili za tochi. Zipange ili ncha chanya ya moja iguse ncha hasi ya nyingine. Kila betri ina volti 1.5, zote mbili zina volti 3. Bandika kibendera cha karatasi kwenye mhimili wa mota. Unganisha nyaya za mota na ncha mbili za betri zako. Kibendera kinazunguka upande gani? Sasa badilisha nyaya: ule uliokuwa kwenye ncha chanya uweke kwenye ncha hasi, na wa pili vivyo hivyo. Umeona nini?

Mkondo ukigeuzwa, mota hugeuza mzunguko wake. Likumbuke jambo hili, maana ndilo litakaloliwezesha gari lako kurudi nyuma.

Kwa nini gari halikuondoka?

Wanafunzi wengi hufunga gurudumu moja kwa moja kwenye mhimili wa mota. Wakiunganisha betri, mota hunguruma, lakini gari halisogei hata kidogo. Hapo hudhani kwamba betri zimekwisha, au kwamba mota ni mbovu. Sivyo. Bana mhimili wa mota kwa vidole viwili wakati unapozunguka. Utasimama mara moja. Mota ndogo ina kasi nyingi, lakini haina nguvu ya kutosha kuzungusha gurudumu lenye mzigo.

Dereva wa lori analijua tatizo hilo vizuri. Lori lenye shehena linapopanda mlima wa Kitonga, kabla ya kufika Iringa mjini, dereva hulitia gia ya chini. Injini huzunguka kwa kasi, lakini magurudumu huzunguka polepole. Kasi imepunguzwa, na nguvu ya kuzungusha imeongezeka. Sisi tutafanya hivyo hivyo kwa makapi mawili na mpira.

Kata visahani vitatu vya kandambili: viwili vyenye kipenyo cha sentimita 6 na kimoja cha sentimita 5. Bandika kile kidogo katikati ya vile vikubwa kwa gundi. Umepata kapi lenye mfereo. Litoboe katikati kabisa na ulipitishe kwenye ekseli ya nyuma, kisha uligundishe lisiteleze. Magurudumu ya nyuma, yenye kipenyo cha sentimita 7, nayo yagundishwe kwenye ekseli hiyo hiyo. Ekseli izunguke katika matundu ya vipande viwili vya bati vilivyopigiliwa chini ya bodi. Tia tone la mafuta katika kila tundu. Funga mota juu ya bodi kwa ukanda wa mpira wa tyubu, halafu unganisha kapi dogo la mota na kapi kubwa la ekseli kwa rababendi. Rababendi isilegee wala isivutike mno. Ikivutika mno itaibana ekseli, na mota itachoka bure.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kapi la mota lina kipenyo cha milimita 5, na kapi la ekseli milimita 50. Mota itazunguka mara 10 ili ekseli izunguke mara 1. Ikiwa mota inazunguka mara 3000 kwa dakika, ekseli itazunguka mara 300. Mzingo wa gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 7 ni sentimita 22. Basi gari litakwenda sentimita 6600, yaani mita 66, kwa dakika moja. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Gari lako halitafikia kiasi hicho kamili, kwa sababu mpira huteleza na ekseli husuguana na bati.

Kuliamuru gari kutoka mbali

Ungeweza kupakia betri ndani ya gari. Lakini betri moja kubwa ya tochi ina uzito wa karibu gramu 100, na betri nne ni mzigo mzito kwa mota yetu. Kwa hiyo betri zitakaa mkononi mwako, na umeme utalifuata gari kwa nyaya mbili nyembamba zenye urefu wa mita 3.

Pasua mwanzi mnene upate mfereji wa sentimita 30. Panga betri nne ndani yake, zote zikielekea upande mmoja. Kati ya betri ya pili na ya tatu chomeka kipande cha bati. Weka bati jingine kila mwisho wa safu, kisha funga safu yote kwa mpira ili betri na mabati vigusane barabara. Kwangua kila bati kwa msasa kwanza, kwa maana rangi haipitishi umeme.

Chukua ubao mdogo. Pigilia misumari miwili, A na B, iliyoachana kwa sentimita 4. Mbele yake, katikati, pigilia msumari C, nao ushike ulimi wa bati unaoweza kugeuka kushoto na kulia. Unganisha msumari A na bati la mwisho wenye ncha chanya, na msumari B na bati la mwisho wenye ncha hasi. Waya mmoja wa gari utoke msumari C. Waya wa pili utoke kwenye bati la katikati.

Sukuma ulimi uguse A. Betri mbili za upande huo zinaipa mota volti 3, na gari linakwenda mbele. Rudisha ulimi katikati: gari linasimama. Usukume uguse B. Sasa betri mbili za upande wa pili ndizo zinazofanya kazi, na mkondo unapita katika mota kwa kugeuka. Gari linarudi nyuma!

Ulimi usiguse A na B kwa pamoja. Ukigusa, betri zote nne zitapitisha mkondo mkubwa bila kupitia mota, nyaya zitapata moto, na betri zitakwisha upesi. Wala usiunganishe gari lako na betri ya gari la kweli au na umeme wa nyumbani. Liendeshe uwanjani, si kando ya barabara kuu: anayetazama gari lake hatazami lori linalokuja.

Bila waya

Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo aliyoiamuru kwa mawimbi ya redio. Magari mengi ya kuchezea yanayouzwa leo huamriwa hivyo. Kifaa cha mkononi hurusha mawimbi, na kipokeaji kilichomo garini hufanya kazi ya ulimi wako wa bati. Tarehe 17 Novemba 1970 gari la Kirusi liitwalo Lunokhod 1 lilitua Mwezini. Lilikuwa na magurudumu manane, kila moja likiwa na mota yake, na madereva wake walikuwa duniani.

Maswali na kazi

1. Gari lako likienda mbele mara nyingi kuliko nyuma, betri zipi zitakwisha kwanza? Utafanyaje ili zote nne zitumike sawasawa?
2. Ukiweka kapi la milimita 25 kwenye ekseli badala ya milimita 50, mwendo wa gari utakuwaje? Je, litaweza kupanda mwinamo?
3. Mwezi uko umbali wa karibu kilomita 384,000. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Amri ya dereva ilichukua muda gani kufika kwenye Lunokhod? Kwa nini gari hilo halikuendeshwa kwa kasi?
4. Unda gari lenye mota mbili, moja kwa gurudumu la nyuma la kushoto na moja kwa la kulia, kila mota ikiwa na ulimi wake. Simamisha mota ya kushoto, uache ya kulia izunguke. Gari linapinda upande gani?