Mguu mmoja ukivimba ghafla, usikimbilie kuukanda

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi Nairobi, Mombasa au Malindi, ilhali wazazi na ndugu zao wako mbali. Simu ikipigwa kutoka nyumbani kwamba mama au shemeji ana mguu uliovimba, aghalabu ombi huwa ni pesa kidogo za kununulia dawa ya kuchua. Makala haya yanaeleza ni wakati gani pesa hizo zafaa kuwa nauli ya kwenda hospitali, tena siku hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa Nanighi, kando ya Mto Tana karibu na Bura, mahali ambapo mashine za kuvuta maji ya mashamba ya Bura ziliwekwa. Mtu akivimba mguu huko, majina ya ugonjwa yako tayari. Wa kwanza atasema ni matende, na ana sababu: Tana River ni miongoni mwa kaunti sita za Pwani ambako ugonjwa huo unaoenezwa na mbu umekuwapo kwa miaka mingi, pamoja na Kilifi, Kwale, Lamu, Mombasa na Taita Taveta. Wa pili atauliza kama mgonjwa hakuumwa na nyoka. Wa tatu atasema ni baridi tu, akandwe kwa maji ya moto. Kila mmoja ana busara yake. Lakini bonge la damu ndani ya mguu halina jina la zamani, na kwa hivyo hakuna anayelitaja.

BONGE LINATOKEA VIPI?

Damu hutoka moyoni kwa mishipa inayoitwa ateri na kurudi kwa ile inayoitwa vena. Vena za miguu zina kazi ngumu kwa sababu hupandisha damu juu. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu huzikamua vena na kuisukuma damu, na vilango vidogo vilivyomo ndani huizuia isirudi chini. Asipotembea, damu hutuama, na damu iliyotuama huganda kwa urahisi.

Katika karne ya 19 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alionyesha kwamba mabonge yanayopatikana katika mapafu ya maiti wengi hutoka mbali, hasa miguuni. Hadi leo madaktari hutaja sababu tatu zinazohusishwa na jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa vena kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari mno kuganda.

Hatari kubwa ya bonge si maumivu ya mguu. Hatari ni kipande kukatika, kusafiri na damu kupitia moyoni, kisha kuziba mshipa wa pafu. Mtu anaweza kufa kwa dakika chache, hata kama jana yake alilalamikia mguu tu.

MASWALI MANNE YA KUULIZA KWA SIMU

Huhitaji kuwa daktari ili kuuliza maswali haya, na majibu yake yatakusaidia kuamua.

Swali la kwanza: "Mama, shikamoo. Huo mguu ni mmoja au yote miwili?" Bonge kwa kawaida huvimbisha mguu mmoja. Miguu yote miwili ikivimba kwa kiasi sawa, fikiria zaidi moyo, figo, ini, au ujauzito wenyewe. Hata hivyo, mjamzito aliyevimba miguu yote, akawa na maumivu makali ya kichwa au haoni vizuri, naye aende hospitali mara moja, kwa maana hizo ni dalili za kifafa cha mimba.

Swali la pili: ulianza lini? Bonge huvimbisha mguu kwa saa au siku chache. Mguu ambao umekuwa ukivimba na kupungua kwa miaka una sababu nyingine, ingawa mwenye mguu wa zamani anaweza pia kupata bonge jipya. Kwa hiyo uliza kama kuna mabadiliko ya wiki hii.

Swali la tatu: kabla ya hapo kulikuwa na nini? Wengi huwa na sababu inayojulikana: amejifungua karibuni au ni mjamzito, amefanyiwa upasuaji katika miezi mitatu iliyopita, amevunjika mguu na kufungwa plasta, amelala kitandani siku tatu au zaidi, amesafiri kwa saa nyingi akiwa ameketi, ana saratani, anatumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, au aliwahi kupata bonge zamani. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na ugonjwa wa selimundu pia huongeza hatari. Lakini wako wanaopata bonge bila sababu yoyote kuonekana, basi jibu la "hapana" lisikutulize kabisa.

Swali la nne ndilo la haraka kuliko yote: pumzi ikoje? Mgonjwa akisema anahema bila kufanya kazi, kifua kinamchoma anapovuta pumzi, anakohoa damu, moyo unamwenda mbio au amezimia, huenda kipande kimekwisha kufika kwenye pafu. Hapo hakuna kusubiri kesho.

PIMA KWA UTEPE WA FUNDI

Kipo kipimo kimoja kinachoweza kufanywa nyumbani. Azima utepe wa fundi cherehani. Mgonjwa akiwa amelala, tafuta kile kinundu cha mfupa kilicho chini kidogo ya goti. Kutoka hapo teremka sentimita 10, kisha zungusha utepe kwenye shavu la mguu. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, hiyo ni mojawapo ya alama ambazo madaktari huzihesabu wanaposhuku bonge.

Alama nyingine ni hizi: maumivu unapobonyeza taratibu nyuma ya shavu au upande wa ndani wa paja, mguu wote kuvimba kuanzia juu, shimo kubaki unapobonyeza kwa kidole upande ulioumia tu, na vena ndogo za juu ya ngozi kutokeza. Mguu unaweza kuwa na joto. Katika ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Huenda ngozi ikaonekana imekaza, inang'aa au imekuwa nyeusi zaidi. Ule utaratibu wa zamani wa kukunja wayo kuelekea juu na kuona kama shavu linauma hauaminiki tena.

Utepe hauthibitishi ugonjwa wala hauuondoi. Tofauti ikiwa ndogo, lakini maumivu ni mapya na sababu ipo, mgonjwa aende tu.

MAGONJWA YANAYOFANANA

Matende hukua polepole. Mara nyingi huja na vipindi vya homa na matezi ya kinena kuuma, na baada ya miaka ngozi huwa nene na ngumu. Kenya ilianza kugawa dawa za matende kwa umma mwaka wa 2002 huko Pwani, na ni vyema kuzimeza zinapoletwa. Lakini dawa hizo hazitibu bonge la damu.

Usaha au maambukizi ya ngozi huleta joto, uvimbe na homa, na mara nyingi kuna kidonda au mwasho kati ya vidole. Kuumwa na nyoka kama kifutu huvimbisha mguu kwa saa chache kuanzia pale meno yalipoingia. Nako ni hospitali moja kwa moja, bila kufunga kamba wala kuchanja. Msuli uliochanika huuma ghafla wakati wa kazi au mchezo, na mwenyewe hukumbuka dakika yenyewe.

Neno "mshipa" nalo linahitaji uangalifu. Pwani mtu akisema ana mshipa, huenda anazungumzia busha, ngiri au maumivu ya nyonga. Usikubali neno hilo kuwa jibu. Uliza ni wapi panapouma, na kama pamevimba.

MAMA NA AROBAINI YAKE

Kundi ninalotaka ndugu zetu wa mijini walikumbuke zaidi ni akina mama waliojifungua. Wakati wa ujauzito damu hujitayarisha kuganda ili mama asivuje damu nyingi wakati wa kujifungua. Hali hiyo haiondoki siku mtoto anapozaliwa. Hatari ya bonge huwa kubwa zaidi katika wiki sita za kwanza baada ya kuzaa, hasa kwa aliyepasuliwa, aliyepoteza damu nyingi au aliyepata maambukizi.

Wiki sita ni siku 42. Msomaji ataona kwamba hesabu hiyo inakaribiana sana na arobaini, zile siku ambazo mama hukaa ndani, hupumzishwa, hulishwa uji na supu, na mara nyingi hukandwa mwili. Mila hiyo ina faida nyingi, na sisemi iachwe. Mapumziko yake hayapingani na kutembea. Mama atembee ndani ya nyumba na uani mara kadhaa kwa siku, tangu siku ya kwanza ikiwa nguvu zinamruhusu, na anywe maji ya kutosha. Yule anayemkanda afundishwe jambo moja: mguu mmoja ukivimba au shavu likiuma, mguu huo usiguswe.

Kwa wajawazito bonge hutokea zaidi mguu wa kushoto, kwa sababu vena kuu ya upande huo hupita chini ya ateri na hubanwa nayo. Basi usishangae mama akisema, "Ni huu wa kushoto tu, mwanangu." Jibu hilo ni la kumfanya aende hospitali.

USIFANYE HAYA

Usikande, usichue wala usisinge mguu unaoshukiwa, kwa kuwa kuufinyanga kunaweza kulilegeza bonge. Usichanje wala kupiga chuku. Usiufunge kwa kitambaa cha kubana. Usimpe mgonjwa dawa za maumivu siku baada ya siku ukingoja uvimbe upungue, kwa maana maumivu yanaweza kutulia na bonge likabaki.

Safari kutoka vijiji vya mtoni si rahisi. Mafuriko ya Mto Tana, kama yale ya El Niño ya 1997 na yale ya mwishoni mwa 2023, yamewahi kuikata barabara ya Garissa, Hola na Garsen. Ndiyo sababu nasisitiza mgonjwa aondoke mapema, barabara ikiwa bado inapitika na pumzi ikiwa bado nzuri. Apitie zahanati iliyo karibu ili apate barua, kisha aelekezwe hospitali kubwa zaidi. Amwambie mhudumu waziwazi: "Mguu mmoja umevimba kwa siku chache, na nimejifungua juzi." Maneno hayo humfanya mhudumu afikirie bonge.

HOSPITALINI

Kipimo kikuu ni ultrasaundi ya mguu, isiyo na sindano wala maumivu. Daktari hubonyeza vena kwa kifaa. Ikibonyea, damu inapita, na isipobonyea, huenda kuna bonge. Pale ambapo kipimo kitachelewa na dalili ni nzito, daktari anaweza kuanza dawa kwanza.

Dawa hizo huzuia bonge kukua huku mwili wenyewe ukiliyeyusha polepole. Kuna sindano za heparini, na vidonge kama warfarini na rivaroksabani. Warfarini ina historia ambayo wafugaji wataifahamu upesi: ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakivuja damu hadi kufa katika miaka ya 1920 baada ya kula majani yaliyooza. Kilichowaua ng'ombe hao, kikipimwa kwa uangalifu, ndicho kinachowaokoa watu.

Matibabu huchukua angalau miezi mitatu. Wengi huacha mguu unapopoa, na hilo ni kosa la hatari. Mjamzito hutibiwa kwa heparini, si kwa vidonge hivyo. Anayenyonyesha anaweza kutumia heparini au warfarini bila kumwachisha mtoto. Anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara. Mweleze daktari kama unameza dawa za kifua kikuu au miti shamba, kwani zinaweza kubadilisha nguvu ya dawa. Ukiona damu kwenye mkojo, choo cheusi au fizi zinazovuja, rudi hospitali.

KINGA KWA MSAFIRI

Mwaka wa 1940, wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu, daktari Keith Simpson aliandika kuhusu vifo vya ghafla vya watu waliolala wameketi vitini usiku kucha kwenye mahandaki. Mabonge yalitoka miguuni na kuziba mapafu. Kiti cha basi si tofauti sana. Kutoka Garissa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 400. Basi linaposimama, shuka utembee. Ukiwa kitini, inua visigino na vidole kwa zamu kila nusu saa, usiweke mzigo chini ya mapaja, na usijinyime maji kwa kuogopa kutafuta choo. Aliyepasuliwa karibuni, aliyejifungua karibuni au aliyewahi kupata bonge amwone daktari kabla ya safari ndefu.

Kwa ufupi, simu ikija kutoka nyumbani uliza: ni mguu mmoja? Umevimba kwa siku chache? Kuna uzazi, upasuaji, kulala kitandani au safari nyuma yake? Pumzi ikoje? Majibu mawili ya kwanza yakiwa "ndiyo", usitume pesa za dawa ya kuchua. Tuma nauli, na umwombe mtu mzima aandamane naye. Pumzi ikiwa si nzuri, tafuta gari wakati huo huo.