Siri na Uwazi katika Kutahini Viongozi wa Wazamiaji

Makala haya yanajadili kiwango cha maarifa anachostahili kupewa mwanagenzi wa uongozi wa wazamiaji kabla ya kutahiniwa. Katika mfumo wa PADI, unaofuatwa pia Diani na Watamu, mwanagenzi huogelea mita 400 bila vifaa, huelea dakika 15 na kumvuta mzamiaji aliyelegea mita 100. Vipimo hivi havihitaji siri: anayevijua mapema hufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo lengo.

Utata huzuka katika zoezi la wawili kubadilishana vifaa chini ya maji huku wakipokezana kifaa kimoja cha kupumulia. Wapo wanaoshikilia kuwa lifichwe ili mshtuko upime ujasiri. Hoja hii ni dhaifu, kwani aliyeshtuka huweza kupanda juu akiwa amezuia pumzi, na hewa inayotanuka ikamjeruhi mapafu.

Hata hivyo, dharura ya kuigiza hupima uamuzi, nao haupimiki iwapo saa yake inajulikana. Kwa hivyo, mwanagenzi aelezwe atapimwa nini na kwa vigezo gani. Afichwe tu ni lini. Bahari nayo haipigi mbiu.