Waliokaribia na Waliopata

Mtu atazamapo sinema nzuri hudhani kuwa mchezaji alizaliwa kwa ajili ya sehemu ile. Sivyo. Nyuma ya sehemu nyingi kubwa wapo waliokaribia kuipata wakaikosa. Yafaa tuzitazame sababu tatu, kwani zina mafunzo.

Sababu ya kwanza ni kifungo cha mkataba. Watengenezaji wa filamu ya Raiders of the Lost Ark, iliyotoka mwaka 1981, walimtaka Mmarekani Tom Selleck. Lakini Selleck alikwisha kujifunga na kampuni ya televisheni kucheza katika Magnum, P.I., nayo haikumwachilia. Sehemu ikamwendea Harrison Ford.

Sababu ya pili ni hiari ya mtu. Mwingereza Albert Finney alijaribiwa kwa filamu ya Lawrence of Arabia, akapendeza, lakini akakataa kufungwa na mkataba wa miaka mingi. Peter O'Toole akashika nafasi, na filamu ilipotoka mwaka 1962 jina lake likavuma. Hata hivyo Finney hakupotea: mwaka uliofuata alisifiwa sana katika Tom Jones. Basi, kukosa si kufa.

Sababu ya tatu ni nzito zaidi: wako wasiokaribia kamwe, kwa kuwa mlango umefungwa. Katika filamu hiyo hiyo ya Lawrence, Mmisri Omar Sharif alipewa sehemu kubwa, lakini Amiri Faisal, Mwarabu, aliigizwa na Mwingereza Alec Guinness.

Sasa na tuitazame bahari yetu. Mwezi wa Aprili 2009 Wasomali wanne waliiteka meli ya Maersk Alabama, iliyokuwa ikienda Mombasa na shehena ya chakula cha msaada. Ilipotengenezwa filamu ya kisa hicho, Captain Phillips, mlango ulifunguliwa kwa Wasomali wenyewe. Katika mji wa Minneapolis, Marekani, watu zaidi ya 700 walifika kujaribiwa. Wanne wakachaguliwa, na hakuna kati yao aliyewahi kucheza filamu. Mmoja wao, Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa amefanya kazi ya udereva. Filamu ilitoka mwaka 2013. Mwaka 2014 alipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza, akatajwa pia miongoni mwa washindani wa Oscar.

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Abdi alipata kwa sababu alikwenda. Lakini wale mamia waliorudi nyumbani nao walikwenda, wala hatupaswi kuwaita wavivu. Juhudi humfikisha mtu mlangoni. Kuufungua ni kazi ya aliye ndani.

Tena tukumbuke kuwa sehemu zile nne zilikuwa za maharamia. Pwani hii, toka Kismayu hadi Burgao, ina wavuvi, manahodha, walimu na mama wenye busara. Hao nao wastahili kuigizwa, na watu wa kwao wastahili kujaribiwa kwanza.