Upweke katika ploti yenye watu mia

Msomaji, ikiwa unaishi katika ghorofa za Kayole, Umoja au Pipeline, hebu jiulize: usipoufungua mlango wako kwa siku tatu, ni nani atakayebisha? Wengi wetu hatuna jibu la haraka. Jirani wa mlango wa pili tunamjua kwa sauti ya redio yake, kwa harufu ya vitunguu anapokaanga na kwa kikohozi chake cha usiku, lakini jina lake hatulijui.

Watu hulichukulia jambo hili kuwa tabia ya mjini tu. Wataalamu wa afya hawalioni hivyo. Mwaka wa 2010, Julianne Holt-Lunstad wa Marekani pamoja na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba wale waliokuwa na uhusiano imara na watu wengine walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa asilimia 50 hivi. Nalo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2025 kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke.

Je, upweke huingiaje mwilini? Mtu anapohisi kuwa yuko peke yake mbele ya shida, mwili hujiandaa kwa hatari. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hupiga kwa kasi, na presha na sukari hupanda. Hilo si baya likitokea kwa dakika chache, kwa mfano unapokimbia matatu iliyopoteza breki. Likiendelea kwa miezi, mishipa ya damu huchoka, usingizi hupotea na uwezo wa mwili wa kupigana na magonjwa hupungua. Isitoshe, mpweke hana wa kumwambia, "Wewe umekonda, nenda ukapimwe."

Chukua mfano wa kifua kikuu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na mgonjwa hupata nafuu mapema, akashawishika kuacha dawa kabla hajapona. Ndiyo sababu mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza miaka ya 1990 ulisisitiza kwamba awepo mtu wa kumtazama mgonjwa akimeza dawa. Kwa maneno mengine, madaktari walikubali kwamba tembe peke yake haitoshi. Ni lazima iwe na mtu kando yake. Waswahili walikwisha kusema kwamba mtu ni watu, na John Mbiti, mwanafalsafa aliyezaliwa Kitui mwaka wa 1931, alilieleza wazo la namna hiyo kwa ulimwengu katika kitabu chake cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika.

Mitaa ilivyojengwa

Eastlands haikujengwa kwa ajili ya ujirani. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa Nairobi kuwa mfanyakazi wa muda tu, ambaye mkewe na watoto wake mahali pao palikuwa mashambani. Kwa hiyo nyumba nyingi za awali zilikuwa vyumba vya wanaume wasio na familia, kama zile zilizojengewa wafanyakazi wa reli huko Muthurwa na Landhies. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa tofauti kidogo, kwani ilifikiriwa kuwa mahali pa familia, ikiwa na nafasi za wazi na ukumbi wa mikutano.

Hata hivyo, wakazi walifanya yao. Palipokuwa na mfereji mmoja wa maji na uwanja mmoja wa kuanikia nguo, watu walilazimika kujuana. Mtoto aliyekosea Bahati au Ziwani aliweza kuadhibiwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Mradi wa Dandora, ulioanza mwaka wa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliwapa watu viwanja vyenye choo na maji, nao wakajenga vyumba wenyewe. Mpangaji na mwenye nyumba waliishi ua mmoja.

Kisha zikaja ghorofa. Sehemu nyingi za Umoja, Kayole na Pipeline, viwanja vilivyokuwa vya familia chache sasa vina majengo ya ghorofa sita, saba au hata zaidi, yenye ngazi moja nyembamba na milango iliyopangwa pande mbili za ukumbi wenye giza. Watu wameongezeka, ua umetoweka. Tena wapangaji huhama mara kwa mara, kwa sababu kodi imepanda, kazi imeisha au wamepata chumba cha bei nafuu. Ni vigumu kumzoea jirani ambaye huenda mwisho wa mwezi ukamwona akipakia godoro kwenye mkokoteni.

Jirani anapogeuka askari

Hapa msomaji wa umri wa makamo huenda anatikisa kichwa na kusema kwamba zamani ilikuwa bora. Mimi sikubali moja kwa moja. Ua ule ule uliomlinda mtoto ndio uliomhukumu mjane, mke asiyezaa na kijana aliyekataa kuoa. Katika miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua bila dawa, wako waliokufa wamefichwa chumbani kwa sababu familia iliogopa uvumi kuliko ugonjwa. Hata leo, dawa zikiwa zinapatikana, wapo wanaopanda matatu mbili kwenda kliniki ya mbali na kuiacha iliyo karibu, ili wasikutane na mtu anayewajua kwenye foleni.

Mwaka wa 1897, msomi wa Ufaransa Émile Durkheim alichapisha kitabu kuhusu watu wanaojiua. Alitaka kuonyesha kwamba hata kitendo hicho, kinachodhaniwa kuwa siri kubwa ya mtu binafsi, kina mizizi katika hali ya jamii anamoishi. Baadhi ya hesabu zake zimepingwa na wasomi waliomfuata, lakini jambo moja limedumu, nalo ni kwamba hatari iko pande mbili. Yuko anayedhurika kwa kuwa hakuna kamba inayomfunga na wenzake, na yuko anayedhurika kwa kuwa kamba zimemkaba.

Eastlands unaweza kuwapata wote wawili ndani ya mtu mmoja. Tuseme ni kijana aliyetoka Kakamega, anayefanya kazi ya mkono katika Eneo la Viwanda. Nyumbani anategemewa kwa karo ya wadogo zake, dawa za mama na michango ya mazishi. Kazi inapokatika, simu hazikatiki. Huko nyumbani yeye ni mtoto wa watu, wala haruhusiwi kushindwa. Huku kwenye ploti yeye ni namba ya mlango. Akiulizwa hali anajibu, "Niko sawa." Miezi miwili baadaye yuko zahanati akilalamikia vidonda vya tumbo, kichwa na maumivu ya mgongo. Anapewa dawa za maumivu anarudi. Hakuna aliyemuuliza kama analala, kama anakula, au kama bado kuna kitu kinachomfurahisha. Hayo ndiyo maswali yanayofichua unyogovu, yaani ile huzuni isiyokwisha inayomnyima mtu nguvu na hamu ya kuishi.

Kumwambia aende Mathari si rahisi. Hospitali hiyo ilianza mwaka wa 1910, na kwa miaka mingi jina lake limetumiwa mitaani kama tusi. Sheria nayo ilizidisha hofu: kifungu cha 226 cha sheria za jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mnamo Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Anayewaza kujidhuru ni mgonjwa. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wakazi wa Eastlands, hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu. Shirika la Befrienders Kenya nalo husikiliza watu bila kuwahukumu.

Kuna pia wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 ambao serikali iliwazindua mwezi wa Septemba 2023, wakapewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Hawa hutembelea watu nyumbani. Tatizo ni kwamba mhamasishaji mwenyewe ni mkazi wa mtaa huo huo, na mgonjwa huogopa kumweleza mtu atakayekutana naye kibandani kwa mama mboga. Mhamasishaji anayejua kunyamaza anafaa kuliko mwenye mkoba mpya.

Chama kinaposahau mtu

Mahali ambapo mkazi wa Eastlands bado anajulikana kwa jina ni kwenye chama. Kundi la watu kumi na wawili wanaokutana kila mwezi huweza kugundua ugonjwa mapema kuliko daktari, kwani dalili ya kwanza mara nyingi ni mwanachama kuacha kuja. Lakini tazama sheria za vyama vingi. Asiyefika hutozwa faini. Asiyelipa mchango kwa miezi kadhaa hufutwa. Kwa hiyo mtu anapougua au kupoteza kazi, yaani wakati hasa anapohitaji watu, deni lake hukua na aibu yake hukua pamoja nalo, naye huzima simu.

Ikiwa wewe ni mwenyekiti au mweka hazina, fungua kitabu chenu cha mahudhurio. Mtafute aliyekosa mikutano miwili mfululizo. Kabla hamjamwandikia faini, wanachama wawili anaowaamini wamtembelee chumbani kwake, bila kitabu cha hesabu. Wasimhoji mbele ya majirani, wala wasirudi kutangaza walichokiona. Wamuulize analalaje usiku.