Ndege za Anga za Juu na Mafundi Walio Chini

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kali iliipiga Unguja na Bagamoyo. Vyombo vingi viliangamia bandarini Unguja. Minazi na mikarafuu iling’olewa kwa wingi mno, hata kilimo cha karafuu kikaegemea zaidi Pemba, ambayo ilisalimika. Huko Bagamoyo, majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, yaliangushwa na upepo. Wakazi wa pwani waliyajua vema majira ya kaskazi na kusi, lakini tufani iliyojijenga nje ya upeo wa macho haikuwa na mjumbe wa kuitangulia.

Maafa ya namna hiyo ni nadra katika pwani hii. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu hivi kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo huufanya upepo uzunguke na kuwa tufani, ni dhaifu. Hata hivyo, nadra si sawa na kamwe. Mji wa Lindi ulipigwa mwezi Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikaikaribia pwani ya Tanzania. Safari hii watu walionywa mapema, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa. Tofauti kati ya 1872 na 2024 imeletwa na elimu ya hewa ya juu, na sehemu ya elimu hiyo ilitafutwa kwa ndege.

Ndege zinazoipeleleza hewa

Mwaka 1943 rubani Joseph Duckworth wa jeshi la Marekani aliingia kwa ndege ndani ya tufani karibu na Texas na kutoka salama. Tangu hapo vikosi vya kijeshi vya kupeleleza hali ya hewa viliundwa. Nyingi za ndege hizo hupita katikati ya tufani, kilomita chache tu juu ya bahari. Lakini zilikuwako nyingine zilizopaa juu ya mawingu yote. Mojawapo ni WB-57F, yenye mabawa ya upana wa mita 37 hivi, ambayo jeshi la anga la Marekani liliitumia hadi mwaka 1974 na ambayo baadaye ilitumiwa na shirika la NASA. Iliweza kupita kimo cha kilomita 18. Pamoja na kupima hewa, ilikusanya kwa vichujio vumbi lililotokana na majaribio ya silaha za nyuklia.

Upande wa Bahari ya Hindi, mfano wa karibu ulionekana Februari na Machi 1999. Ndege ya Kirusi M-55 Geophysica, yenye asili ya kijeshi, iliruka kutoka Mahé, Shelisheli, kiasi cha kilomita 1,800 mashariki mwa Bagamoyo. Wanasayansi walitaka kujua mambo yanayotukia kwenye mpaka wa juu wa tabaka lenye mawingu na mvua. Katika nchi za joto mpaka huo uko kwenye kimo cha kilomita 16 au 17 hivi, na baridi yake hufikia nyuzi 80 za Sentigredi chini ya sifuri. Huko waliyakuta mawingu ya barafu membamba mno, yasiyoweza kuonekana kwa macho ya mtu aliye chini.

Maadui watatu wa fundi

Sifa za safari hizo humwendea rubani. Lakini kumbukumbu za waliozihudumia ndege za aina hii zinafunza kwamba safari huanza na kumalizika mikononi mwa fundi, naye hupambana na maadui watatu.

Adui wa kwanza ni baridi. Tone la maji lililobaki ndani ya tangi la mafuta hugeuka barafu huko juu na huweza kuziba njia ya mafuta. Kwa hiyo fundi hana budi kuyatoa maji yaliyotuama chini ya tangi kabla ya safari.

Adui wa pili ni unyevu. Chupa ya soda ikitolewa katika jokofu huko Bagamoyo, hutokwa jasho mara moja, kwani mvuke wa hewani hugeuka maji unapogusa kitu baridi. Ndege iliyokaa saa nyingi katika baridi kali, ikiteremka kwenye hewa ya pwani yenye nyuzi 28 au 30, hulowa vivyo hivyo, nje na ndani, pamoja na nyaya na vioo vya vipimo. Maji hayo yakichanganyika na chumvi ya bahari huleta kutu. Kwa sababu hiyo kukausha, kuosha na kukagua mabawa ni kazi ya kila safari.

Adui wa tatu ni hitilafu ndogo. Ufukweni mgandamizo wa hewa ni milibari 1,013 hivi, na kosa la milibari 1 hupotosha hesabu ya kimo kwa mita 8 au 9 tu. Kwenye kilomita 18 na nusu, ambako mgandamizo ni milibari 70 hivi, kosa hilo hilo hupotosha hesabu kwa zaidi ya mita 80. Vilevile, kichujio kikishikwa kwa mkono mtupu, uchafu wa mkono huweza kudhaniwa kuwa vumbi la angani. Nalo vazi la rubani likiwa na tundu, maisha yake yamo hatarini, maana kwenye kimo cha kilomita 19 hivi maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu.

Funzo kwa pwani

Bahari inayoikabili Bagamoyo haina kikosi cha kudumu cha ndege za kupeleleza tufani. Watabiri hutegemea setilaiti, vituo vya ardhini, na maputo yanayobeba vipimo hadi kilomita 30 hivi. Saa za kimataifa za vipimo vya maputo, kwa saa za Afrika Mashariki, ni saa 9 usiku na saa 9 alasiri. Sheria ya fundi haibadiliki hapa. Kipimo kisichosawazishwa hutoa tarakimu, lakini hakitoi ukweli. Nahodha wa jahazi anayengoja taarifa kabla ya kutweka tanga kuelekea Unguja anautegemea uangalifu wa mtu asiyemjua, aliyekipangusa na kukisawazisha kipimo hicho kabla hakijapaa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tufani ni nadra karibu na Ikweta?
2. Weka chupa baridi penye upepo wa bahari na nyingine ndani ya chumba kikavu. Ipi hulowa zaidi, na kwa nini?
3. Kwa nini kosa dogo la mgandamizo huwa kubwa kadiri ndege inavyopaa?