Dondoo muhimu: Akili anayo, mkono ndio unaomsumbua

Mtoto wa darasa la pili hapa Ujiji anaulizwa jina la ziwa letu, anajibu upesi. Akiambiwa aliandike, herufi zinapanda na kushuka, penseli inatoboa karatasi. Tusimwite mvivu. Huenda ana disipraksia: ubongo unapata shida kupanga mijongeo ya mwili. Inakadiriwa kuwa watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wanayo, na si dalili ya upungufu wa akili.

• Mtazame nyumbani. Vifungo vya shati, kamba za viatu, kumimina maji, kudaka mpira: wenzake waliyamudu zamani, yeye bado?

• Gawanya kazi. Mkianika dagaa, mwonyeshe kwanza kutandaza. Akizoea, ndipo kugeuza. Maagizo matano kwa mpigo yanampoteza.

• Mwalimu, katika KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), kuandika ni K moja tu. Mruhusu ajibu kwa mdomo, mpunguzie kunakili ubaoni, mwongezee muda. Miguu yake ifike sakafuni anapokaa. Mwandiko huanzia kwenye mkao. Fimbo hainyooshi mwandiko, inamfanya aichukie shule.

• Nendeni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ombeni apimwe macho na masikio kwanza, kisha ukuaji wake. Bebeni daftari lake, daktari auone mwandiko wenyewe.

• Ziwani, asiogelee bila mtu mzima karibu. Kujifunza kuogelea kutamchukua muda mrefu kuliko wenzake, lakini anaweza.