Usingoje Juni: Bajeti ya Serikali na Mkaaji wa Eastlands

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu ya malalamiko. Kutoka Kaloleni hadi Kayole, kutoka Mathare hadi Mukuru, wakaaji wa Eastlands, Nairobi, wanauliza kwa nini programu ya vijana ya Kazi Mtaani iliondolewa bila wao kuulizwa, kwa nini pesa za wazee hukawia, na ziko wapi kazi wanazosikia zikitajwa kila mara wabunge wanapojibizana. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini karibu yote hufika mahali pasipofaa na wakati usiofaa: kwa chifu, kwa diwani au kwenye mkutano wa hadhara uwanjani Jacaranda, mwezi wa Julai au Agosti, mgao ukiwa umekwisha kupitishwa. Jambo tunalotaka kusema hapa ni moja, na tutalirudia hata likuchoshe. Ahadi iliyotolewa bungeni si pesa. Pesa ni ile iliyoandikwa katika makadirio ya matumizi na kupitishwa kuwa sheria, na mwananchi ana majuma machache tu ya kusema lake kabla ya hapo. Usingoje Juni.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kifungu cha 221 cha Katiba ya 2010 kinamtaka Waziri wa Fedha awasilishe makadirio katika Bunge la Kitaifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia Aprili 30. Kifungu hicho hicho kinaiamuru kamati ya Bunge itafute maoni ya wananchi inapoyapitia makadirio hayo na izingatie maoni hayo inapotoa mapendekezo yake. Si hisani ya mbunge wala ya mwenyekiti wa kamati. Kazi yenyewe hufanyika Mei, katika vyumba vya kamati ambamo kamera ni chache. Waziri anapoinua mkoba wake wa bajeti mwezi Juni na runinga zote zikamwelekea, mgao wa kila idara umekwisha kuchambuliwa na kukatwakatwa. Watu wengi huanza kufuatilia siku ya mkoba. Siku hiyo ni ya sherehe, na aliyengoja mpaka hapo amechelewa.

Tazama programu mbili ambazo Eastlands inazijua vizuri. Kazi Mtaani ilianza Aprili 2020 wakati wa korona, katika mitaa ya mabanda kama Mathare, Korogocho na Mukuru. Awamu ya pili, iliyoanza Julai mwaka huo, ilitengewa shilingi bilioni 10 na kulenga vijana zaidi ya 270,000 waliozoa taka na kuzibua mitaro kwa ujira wa shilingi 455 kwa siku. Ilisifiwa sana. Lakini haikuwa na sheria yake. Ilitegemea mgao wa mwaka hadi mwaka na utashi wa serikali iliyoiunda. Uongozi ulipobadilika mwaka 2022, vijana waliambiwa kwamba nafasi zao sasa ziko katika ujenzi wa nyumba za bei nafuu, na mradi ukafa. Inua Jamii, ambayo ndiyo inayotoa pesa za wazee, nayo ina chimbuko lake mwaka 2004, katika majaribio ya kuzisaidia familia zinazolea mayatima, kisha ikapanuliwa hadi kwa wazee na watu wenye ulemavu mkubwa. Imepita mikononi mwa marais watatu bila kufutwa, kwa kuwa ina mgao unaoandikwa kila mwaka katika makadirio ya idara ya ulinzi wa jamii na Kifungu cha 43 cha Katiba kinaikinga. Hata hivyo kiwango chake kimekwama kwenye shilingi 2,000 kwa mwezi kwa zaidi ya miaka 10, huku bei ya unga ikipanda na kupanda tena. Mgao wenye mizizi huishi, lakini hauongezeki ikiwa hakuna anayeuombea nyongeza kwa jina na kwa kiasi.

Wapo watakaosema hii ni kazi bure kwa kuwa Bunge halisikii karatasi, linasikia barabara. Hoja hiyo ina uzito, na kijitabu kisichotaka kuijibu hakistahili kuaminiwa. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwa mkate. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, lakini mswada wote haukuanguka ila baada ya vijana kuingia bungeni Juni 25 na Rais kukataa kuutia sahihi kesho yake. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma hayo. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuwaambia wazazi wao kwamba barua ingetosha.

Lakini angalia kilichofuata. Julai 5 mwaka huo Rais alitangaza kwamba matumizi yangepunguzwa kwa shilingi bilioni 177 na mkopo wa ziada wa bilioni 169 uchukuliwe. Bilioni hizo 177 zingekatwa kutoka kwa nani? Swali hilo halikujibiwa barabarani. Lilijibiwa katika bajeti ya ziada, ndani ya kamati, kwa haraka. Walimu wanagenzi wa shule za sekondari ya msingi (JSS) wapatao 46,000 walitoka katika msimu huo wametengewa fedha za kuajiriwa kwa masharti ya kudumu. Walikuwa wamegoma, walikuwa wamekwenda mahakamani, na muhimu zaidi walidai kitu kimoja chenye idadi na bei. Wakati huohuo baadhi ya vipengele vya mswada uliokufa vilirudi kupitia sheria za ushuru zilizotiwa sahihi Desemba 2024, na waliovifuatilia walikuwa wachache sana kuliko wale wa Juni. Mtaa mzima uliujua Mswada wa Fedha, ambao unasema serikali itachukua nini. Makadirio ya matumizi, yanayosema itatoa nini na kumpa nani, hayakusomwa. Kazi na misaada imo humo.

Wengine husema pesa hazipo, kwa hivyo hakuna cha kujadili. Ni kweli kwamba bajeti imevuka shilingi trilioni 4 na kwamba riba ya madeni peke yake humeza zaidi ya trilioni moja kabla hospitali au shule haijapata senti. Ndiyo sababu ya kuandika, si ya kunyamaza. Pesa zikiwa nyingi hata mnyonge huangukiwa na makombo. Zikiwa haba, anayepata ni yule aliyetajwa.

Kuna pia suala la lugha. Makadirio huchapishwa kwa Kiingereza, katika vitabu vinene vyenye tarakimu ambazo hata mhasibu huzisoma polepole. Hilo ni kosa la serikali. Lakini usitishwe nalo. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Maoni yako ya Kiswahili hayana upungufu wowote, na karani akiyakataa kwa sababu ya lugha, yeye ndiye aliyevunja Katiba.

Basi andika hivi. Taja programu moja, si kumi. Sema unataka nini kifanyike, kwa kiasi gani, na pesa zitolewe wapi: safari za ng'ambo, ukarabati wa ofisi, chochote ambacho kwa maoni yako kinaweza kungoja. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayowapa wabunge kisingizio cha kuyaweka maoni kando. Barua isemayo "tunaomba vijana wa Dandora wakumbukwe" haimlazimu mtu yeyote kufanya lolote. Barua inayotaja programu, kiasi na mahali pa kupunguza inamlazimu mtu atafute jibu. Ukurasa mmoja unatosha, na wakaaji wa ploti nzima wanaweza kutia sahihi. Ipeleke kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, S.L.P. 41842-00100, Nairobi, au mkononi katika Majengo ya Bunge, kabla ya siku iliyotajwa kwenye tangazo la Bunge la magazetini linaloomba maoni. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Tunarudia: iliyogongwa muhuri. Bila hiyo huna ushahidi kwamba uliwahi kusema.

Mitaro, masoko, chekechea na basari za wadi ni mambo ya kaunti, na barua zake huenda kwa Bunge la Kaunti ya Nairobi, ambalo nalo hupokea makadirio kufikia Aprili 30. Kuhusu masharti ya kusajiliwa, Inua Jamii kwa wazee ni kuanzia miaka 70, na mengine muulize afisa wa ustawi wa jamii wa eneo lako. Fomu za serikali za misaada na kazi haziuzwi. Anayekudai chai ili jina lako "liingie kwenye sistimu" ni tapeli, hata akiwa amevaa beji, hata akiwa ni mzee wa mtaa unayemheshimu. Usimlipe.

Mwezi wa Aprili ukianza, chagueni mtu mmoja katika ploti au chama chenu wa kuangalia matangazo ya Bunge kila juma, na kalamu na karatasi viwe tayari. Usingoje Juni.